Diski nzuri, kebo yake ni janga: miezi miwili na hadi diski ya pili ya TB 2

Wakuu, naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye leo kafunga hadi diski (hard disk) ya pili kwenye kompyuta yake ya mezani, kaiwasha, halafu kakaa anaangalia skrini nyeusi mpaka moyo unamwenda mbio akidhani kaunguza kitu. Hiyo hali nimeishi nayo siku tisa. Diski ninayoizungumzia ni ya TB 2, inchi 3.5, inazunguka mara 7200 kwa dakika, na kwenye boksi imekuja na kebo ya SATA (ile inayopitisha data kati ya diski na bodi), adapta ya umeme na skrubu nne. Jina la kampuni siliweki, maana kebo za aina ile zinatoka viwanda chungu nzima na sitaki mtu aone boksi lake limeandikwa jina lingine akadhani yeye hayamhusu. Diski naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kebo siipi hata moja, na hapo ndo nitakaa muda mrefu, kwa sababu nusura nirudishe diski ambayo haina kosa lolote.

Mashine yetu ilikuwa na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) moja tu ya GB 256, humo humo Windows, humo humo programu, humo humo video za mdogo wangu ambaye anahariri video za watu na kila kazi inakula GB 30 au 40. Ikafika mahali zimebaki GB 9 na Windows inagoma hata kushusha apdeti. Nikasema hapana, tuweke diski ya pili ya kutunzia mafaili, SSD ibaki na Windows na programu basi. Huo mpangilio nautetea mpaka kesho.

Diski yenyewe sasa. Kuifunga haichukui hata nusu saa, unazima, unachomoa waya wa umeme ukutani, unafungua ubavu wa mashine, unaiingiza kwenye nafasi yake, unakaza skrubu, kebo moja nyembamba inaenda kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na plagi moja pana inatoka pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine). Ukiwasha usitegemee itaonekana yenyewe kwenye orodha ya diski, mpya kabisa inakuwa haina kitu, unaenda Disk Management (sehemu ya Windows ya kusimamia diski), inakuuliza MBR au GPT, yaani namna mbili za kuipanga diski, chagua GPT, maana MBR inaishia TB 2 na siku ukipata kubwa zaidi itakusumbua. Halafu utaona imeandikwa TB 1.81, usishtuke, hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, ukigawanya utaona inaangukia hapo hapo.

Kasi imenifurahisha. Ikiwa tupu faili moja kubwa la video lilikuwa linaingia kwa MB 180 hivi kwa sekunde, sa hivi imejaa zaidi ya nusu inacheza kwenye 140, na hilo ni la kawaida kwa diski za kuzunguka kwa sababu ukingo wa nje wa sahani inayozunguka humo ndani unabeba data nyingi zaidi kwa kila mzunguko kuliko huku ndani. Ukihamisha maelfu ya picha ndogo ndogo inazama mpaka MB chache, kile kichwa kinachosoma data kinakuwa kinaruka huku na huku, hapo hamna hadi diski itakayokusaidia. Joto lake halijavuka nyuzi 39 nikiwa na feni moja mbele. Nusu nyota niliyoikata ni ya mtetemo, ilikuwa inafanya ubavu wa kasha ulie kama nyuki mpaka nilipoweka vipande vya mpira chini ya skrubu.

Sasa tuje kwenye kilichonikosesha usingizi.

Kabla ya diski hii mashine ilikuwa inawaka kwa sekunde 18 toka nibonyeze kitufe mpaka naweza kufungua faili. Baada ya kuifunga, dakika 1 na sekunde 52. Nilipima kwa simu, siyo kwa kukisia, na hilo ni jambo la kwanza ningemwomba mtu afanye kabla hajagusa chochote, maana ukisema tu "imekuwa nzito" huwezi kujua dawa uliyoweka imesaidia au umejifariji. Tena usipime jumla peke yake. Gawa. Mimi niligawa mara tatu: toka kitufe mpaka logo itokee, toka logo mpaka sehemu ya kuweka neno la siri, na toka hapo mpaka mashine ikubali kufanya kazi. Zamani ilikuwa 6, 7 na 5. Baada ya diski ikawa 41, 58 na 13.

Hizo namba tatu zinaongea. Skrini ikikaa nyeusi kabla ya logo hapo Windows haijaanza kabisa, ni madabodi inazungumza na vifaa na kuna mmoja hajibu. Ikichelewa kwenye logo na vile vidoti vinavyozunguka, Windows imeshaamka na inasubiri draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) au diski. Ikichelewa baada ya kuweka neno la siri, mara nyingi ni programu zinazojianzisha zenyewe. Sasa angalia yangu, uchelewaji mkubwa uko kabla ya neno la siri, na mimi siku tatu za kwanza nilizitumia kuzima programu zinazojianzisha. Nilizima karibu zote. Nikaokoa sekunde 2. Naliandika hili kwa sababu ndo ushauri unaotolewa kila mahali, na kwa tatizo la diski ya pili hauna msaada, unakufanya uzunguke mbali na ugonjwa.

Kuna pia fundi mmoja niliyemweleza kwa simu, hata hajaiona mashine, akaniambia nipige Windows upya. Nilikataa. Mdogo wangu alikuwa na kazi mbili za watu humo ndani hazijaisha, na kama mashine ilikuwa sawa jana na leo imebadilika kitu kimoja tu, kwa nini niende kubomoa kile ambacho hakijabadilika? Kwa hilo nilikuwa na uhakika hata kabla sijajua kosa liko wapi.

Ila kuna mtego kwenye upimaji wenyewe ambao ulinipotezea siku nzima, ngoja niuseme. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima mashine haizimi yote, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo leo unapima sekunde 60, kesho 110, unadhani tatizo linakuja na kuondoka kumbe unapima vitu viwili tofauti. Ukisema basi ntarestati tu, restati nayo haikati umeme, diski inabaki inazunguka, kwa hiyo huoni muda inaoutumia kuanza kuzunguka toka imesimama. Dawa ni kuizima Fast Startup kwa muda wa majaribio, au kama hutaki kugusa mipangilio shikilia Shift wakati unabonyeza kuzima, hapo inazima kweli kweli. Mimi niliizima, kila jaribio nikazima mashine, nikasubiri kidogo, nikawasha, mara tatu tatu, nikachukua namba ya katikati. Toka hapo namba zikaacha kunichezea.

Jaribio lililofungua njia lilikuwa rahisi kuliko yote na najuta sikuanza nalo. Nilizima, nikachomoa waya wa ukutani, nikaitoa diski mpya kebo zote mbili, ya data na ya umeme, ikabaki imekaa tu pale. Nikawasha. Sekunde 18. Sawa, kwa hiyo ni yenyewe au kinachoizunguka, SSD na Windows hazina kesi. Nikazima tena nikairudishia umeme peke yake bila kebo ya data. Sekunde 18, na unaisikia inazunguka vizuri. Hiyo ni habari kubwa, maana hadi diski ya inchi 3.5 inavuta umeme mwingi pale inapoanza kuzunguka kuliko ikishazoea, na kama pawa saplai ingekuwa imechoka tungeiona hapo. Nikarudisha na kebo ya data. Dakika 1 na sekunde 50.

Wakati nahangaika na hayo mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni, akaniambia, "Kaka, hebu nyamaza usikilize. Inaanza, inakata, inaanza tena." Nikaweka sikio kwenye kasha. Kweli, ule mlio wa kupanda, halafu tik, kimya kidogo, halafu kichwa kinarudi kujipanga upya, tik tena. Nilivyosikia ile tik nikakata tamaa kabisa, nikajua diski imekufa, maana mlio wa kugonga gonga kila mtu anakuambia ni kifo. Usiku ule nilishafungua boksi kutafuta risiti. Kilichonizuia ni kwamba na umeme peke yake haikuwa inafanya hivyo. Diski inayokufa kwa ndani haisubiri uichomeke kebo ya data ndo ianze kugonga.

Nikaingia BIOS kwanza, yaani mipangilio ya bodi yenyewe kabla Windows haijaanza. Huko nikakuta diski mpya imejiweka ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia, mbele ya SSD yenye Windows, kwa hiyo kila siku bodi inaanza kwa kumuuliza mtu asiye na jibu. Nikaishusha chini. Ule muda wa giza ukatoka 41 ukaja 35. Sekunde 6 si haba, na kwa mtu mwingine hiyo peke yake inaweza kumaliza kesi, kwa hiyo kaangalie. Kwangu ilikuwa bado.

Halafu Event Viewer, daftari ambalo Windows inaandika matukio yake, upande wa System. Pale ndo nilipoanza kupata picha. Kila nilipowasha kulikuwa na onyo namba 129, kwamba kifaa kimerestiwa, na namba 153, kwamba kazi ya kusoma au kuandika kwenye diski imerudiwa. Siyo moja, msururu, na saa zake zinalingana kabisa na ile dakika ya vidoti kuzunguka. Yaani Windows inaomba kitu, haipati jibu, inasubiri, inaipiga diski kofi iamke, inaomba tena. Ile tik tuliyoisikia ndo hilo kofi.

Kujua mkosaji ni diski au njia, nikashusha CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma rekodi ambazo diski inajiwekea yenyewe. Hapa naomba mtu asome taratibu kwa sababu juu kabisa iliandika Good kwa rangi ya bluu na ningeishia hapo ningefunga nikasema diski haina shida tutafute kwingine. Shuka chini kwenye orodha. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zilizohamishwa, C5 ni sekta zinazosubiri kuhukumiwa, C6 ni zilizoshindikana. Hizi tatu zikianza kupanda, hamisha mafaili yako leo leo, usingoje wikiendi. Zangu zote zilikuwa sifuri. Lakini C7, ambayo inahesabu makosa ya data iliyoharibika ikiwa njiani kati ya diski na bodi, ilikuwa imeandikwa 9C. Ile programu inaonyesha kwa namba za heksadesimali (zinazohesabiwa kwa 16 badala ya 10), kwa hiyo 9C ni 156. Nikazima nikawasha mara moja tu. B1. Yaani 177. Makosa 21 kwa kuwasha mara moja.

Na kuna sehemu nyingine ndogo juu watu hawaitazami, imeandikwa Transfer Mode. Inatakiwa isome SATA/600 pande zote mbili, upande mmoja ni kasi inayotumika sa hivi na wa pili ni kasi ambayo diski inaiweza. Yangu ilisoma SATA/150 kushoto na SATA/600 kulia. Bodi ilikuwa imeshaona data inaharibika njiani ikaamua kushusha mwendo, toka Gb (gigabiti) 6 kwa sekunde mpaka Gb 1.5, kasi ya SATA ya kwanza kabisa, kama dereva anayepunguza gia barabara ikiwa na mashimo. Nilivyoona ile 150 nilipumua. Sahani nzima, sekta nzima, barabara ndo mbovu.

Nikaichomoa kebo nikaipeleka kwenye mwanga. Kwa mbali ni kebo nyekundu ya kawaida. Kwa karibu, ile klipu ya chuma upande wa bodi haikuwa na nguvu yoyote, ukiibonyeza inabaki imelala hairudi, kwa hiyo plagi inakaa kwenye tundu bila kushikwa na kitu, ukiigusa kwa kidole inacheza kushoto kulia. Upande wa diski kulikuwa na mkunjo mkali kama karatasi iliyokunjwa, ulishakuwepo toka kwenye boksi kwa sababu waliikunja ili itoshe, na mimi nikauongeza kwa kufunga ubavu wa kasha ukaikandamiza. Ndani ya kebo ile kuna nyaya nyembamba sana zinazokwenda mbili mbili na zinatakiwa zibaki na umbali ule ule mwanzo mpaka mwisho, ukiikunja hivyo unavuruga mawimbi yenyewe hata kama hakuna waya uliokatika, ndo maana diski inaonekana, inafungua, inahifadhi, na bado inasumbua. Kebo iliyokatika kabisa ningeigundua siku ya kwanza. Hii iliyo nusu nusu ndo iliyonila siku tisa.

Kwenye mashine kulikuwa na kisoma DVD ambacho hatujakitumia miaka, kebo yake ina klipu inayolia tak ukiichomeka. Nikaitoa huko nikaifunga kwenye diski, nikahakikisha inapinda kwa upana bila kukunjwa, nikafunga.

Sekunde 21.

Nane za giza, nane za logo, tano za mwisho. Mdogo wangu alikuwa ameshika simu anapima, akaniangalia akasema tuzime tena, tukazima tukawasha mara nne, 21, 21, 22, 21. Transfer Mode ikasoma SATA/600 pande zote. Zile onyo za 129 na 153 zimekata kabisa. C7 iliishia E4, yaani 228, na miezi miwili baadaye iko E4 vile vile. Hapo kuna kitu nataka kieleweke, ile namba hairudi sifuri hata ubadilishe kebo, ni hesabu ya maisha ya diski. Usiione 228 ukatupa diski. Iandike mahali, angalia baada ya wiki, kama imesimama umepona.

Zile sekunde 3 zilizobaki kati ya 18 na 21 nimezikubali. Diski ya kuzunguka inahitaji muda wa kutoka kusimama mpaka mizunguko 7200 kabla haijaweza kujibu, na bodi inaisubiri. Kuna bodi zenye mpangilio wa kuwasha haraka unaoruka baadhi ya ukaguzi, mimi nimeuacha ulivyo, sekunde 3 hazinidhuru.

Kuhusu ile adapta ya umeme iliyokuja kwenye boksi, sikuitumia na sitaitumia. Ni ya kutoka plagi ya zamani ya pini nne kwenda plagi ya SATA, na ni zile ambazo kichwa chake kimemiminwa plastiki moja kwa moja juu ya nyaya. Aina hiyo ina historia mbaya inayojulikana, nyaya ndani zinakaribiana, plastiki inalegea na joto, zinagusana, na kuna watu zimeyeyuka hadi kuungua zikiwa zimeshika diski. Kama pawa saplai yako ina plagi ya SATA imebaki, tumia hiyo. Kama haina, tafuta adapta ambayo kichwa chake kimebanwa kwa kifuniko na waya zinaonekana zimeingia moja moja. Hapa sibembelezi mtu, diski yenye mafaili yako yote inapata umeme kupitia hicho kidude.

Tatizo lako linaweza lisiwe kebo, na siku tisa za kusaka zimenifundisha sura zake kadhaa. Kama diski uliyoongeza ni ya zamani iliyokuwa na Windows yake, bodi inaweza kuwa inajaribu kuwashia huko, au unaletewa menyu ya kuchagua Windows mbili inayokungoja sekunde 30 kila siku, hiyo unaiondoa kwenye msconfig (programu ya mipangilio iliyomo kwenye Windows), kichupo cha Boot, baada ya kuhakikisha unaiacha ile unayoitumia. Kama kila ukiwasha inakuandikia inakagua diski D, kuna alama imebaki kwamba diski ina hitilafu ya mafaili, fungua ile skrini ya amri kama msimamizi uandike chkdsk D: /f uiache imalize, lakini zile namba za 05 na C5 zitazame kabla hujaanza, na kama hazipo sawa nakili mafaili kwanza, kwa sababu ukaguzi unaikamua diski iliyodhoofika. Kama unatumia Linux badala ya Windows na uliongeza diski kwenye fstab (faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa wakati wa kuwasha) kisha ukaichomoa au ukaifomati upya, mfumo utaisubiri dakika 1 na nusu kamili kila ukiwasha, kwa sababu haukioni kitambulisho kilichoandikwa humo, unarekebisha hicho kitambulisho (UUID) au unaongeza neno nofail kwenye mstari wake. Na kama ulichoongeza ni SSD ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) halafu diski nyingine imepotea ghafla, soma kitabu cha bodi yako, kwenye bodi nyingi tundu la M.2 linagawana njia na baadhi ya poti za SATA, ukijaza moja nyingine inazimwa, hamna kilichoharibika, hamishia poti nyingine.

Kuna moja ambayo watu wanaichanganya na hii. Mashine imewaka vizuri, umefanya kazi nusu saa, unafungua folda na kila kitu kinaganda sekunde kadhaa halafu kinaachia. Hiyo mara nyingi siyo kebo. Windows kwa kawaida inaisimamisha hadi diski ambayo haijaguswa kwa dakika 20, ukiihitaji inabidi ianze kuzunguka upya na wewe unasubiri. Kwetu ilikuwa inamkera sana mdogo wangu kwa sababu akihariri anasoma kidogo, anafikiri, anarudi. Tukaenda kwenye mipangilio ya umeme tukaweka isizimwe kabisa. Kwa mtu anayeifungua diski mara moja kwa siku ningemwambia aiache ilale.

Niliwaandikia waliouza, nikawatumia picha ya klipu na picha ya C7. Walijibu kwa adabu wakatuma kebo nyingine. Nimeipima kwa kidole kabla hata ya kuichomeka, klipu yake nayo imelala hairudi, ina mkunjo mahali pale pale. Kwa hiyo siyo bahati mbaya ya boksi langu, ndivyo wanavyozifunga, na nimewaambia hivyo hivyo. Diski yao imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa na wameiharibia jina kwa kipande cha waya, kuna watu wengi tu watairudisha wakisema ni mbovu na wengine watapigiwa Windows upya bure. Hilo limeniuma kuliko hata siku zangu tisa.

Kununua diski hii tena? Ndiyo, hata kesho, bila kufikiria mara mbili, ila kebo nitakwenda nayo yangu, fupi, yenye klipu ya chuma inayorudi, na nitaijaribu kwa kidole pale pale kabla sijafunga ubavu wa kasha. Sa hivi imebeba TB 1.1 za kazi za mdogo wangu, na nakala ya pili ya zile kazi iko kwenye diski ya nje tunayoichomeka kila Jumapili tukimaliza tunaichomoa, kwa sababu nayo tukiiacha bodi inaanza kuihangaikia kila tukiwasha. Leo asubuhi nimepima tena kabla ya kuandika hapa. 21.